Shahidi Asiyeona

Anayenunua NFT, yaani tokeni ya kidijitali ya kazi ya sanaa, anaondoka na nini? Mjomba wangu, fundi wa nakshi, aliniuliza hivyo nilipomwonyesha picha za milango ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ninazozichora kwenye tableti. Nikambabaisha kwa maneno ya kompyuta hadi akachoka, akarudi kwenye patasi yake. Lakini swali lake ni la chuoni hasa. Katika fikihi, kinachouzwa lazima kijulikane, kiwe mali ya muuzaji, na kiweze kukabidhiwa. Samaki aliye baharini hauzwi. Sasa picha ambayo kila mwenye simu anaweza kuinakili bure, inauzwaje?

Riziki yangu ni kadi za harusi na mabango, pale Darajani. Usiku ndipo nachora milango: minyororo inayopita pembezoni mwa fremu, mayungiyungi, mitende, samaki waliopangwa chini. Niliichagua kwa sababu naipenda, na kwa sababu sitaki kuingia katika mzozo wa wanavyuoni kuhusu kuchora viumbe vyenye roho. (Samaki wa mlangoni ni magamba tu na mawimbi, usinibane.)

Hatua zenyewe si ngumu kwa anayeanza. Unafungua pochi ya kidijitali, nayo inakupa maneno ya siri ambayo hayaandikwi kwenye simu wala haambiwi mtu; yangu yamo kwenye bahasha moja na cheti changu cha kuzaliwa. Unapandisha faili, unaipa kazi jina na maelezo, unaweka bei, unalipa ada. Kwenye mtandao wa Ethereum ada hiyo huitwa gesi, na mtandao ukiwa na msongamano inaweza kuzidi bei ya picha ya mtu asiyejulikana kama mimi. Ndiyo maana nilikwenda kwenye mtandao wa Tezos, ambako ada ni senti. Mgao wa msanii kazi inapouzwa tena usiuwekee matumaini makubwa: soko la NFT la OpenSea lenyewe liliacha kulazimisha ulipwe mwaka 2023. Na wale waliokataa jambo hili lote kwa hoja ya israfu ya umeme, hoja yao imepungua nguvu tangu Septemba 2022, Ethereum ilipobadili mfumo wake na kupunguza matumizi ya umeme kwa zaidi ya asilimia 99.

Yote hayo hayamjibu mjomba. Nilipoyaangalia maandishi ya tokeni yangu ya kwanza, picha haikuwamo. Mara nyingi huwa hivyo. Mnyororo wa kidijitali (blockchain) hubeba mistari ya daftari tu: namba ya tokeni, anwani ya pochi inayoimiliki, na anwani ya mahali picha ilipohifadhiwa. Kampuni ya biashara ya sarafu za kripto ya FTX ilipoanguka Novemba 2022, watu waliotengeneza NFT kwenye jukwaa lake walikuja kukuta tokeni zipo na picha hazionekani, kwa kuwa zilikuwa zimewekwa kwenye seva za kampuni hiyo hiyo. Daftari halikupotea hata herufi.

Basi kinachouzwa ni ushahidi. Machi 2021, mnada wa Christie's uliuza NFT ya kazi ya msanii wa kidijitali Beeple kwa dola milioni 69.3, na picha yenyewe mimi nimeiona bila kulipa chochote. Aliyelipa alipata daftari lisilofutika linalosema kuwa ni yake. Siioni kasoro ya kisheria katika hilo peke yake. Hata hati ya shamba si udongo, na tunauziana mashamba kwa hati. Ila nyuma ya hati ya shamba yupo sheha, na wapo majirani waliouona mnazi wa mpakani ukipandwa.

Nyuma ya tokeni yupo nani? Hapa ndipo nilipokwama. Tunaomfuata Imamu Shafii, na huku pwani ndio wengi, tumefundishwa kwamba shahidi hushuhudia alichokiona au kukisikia mwenyewe; habari iliyoenea hukubaliwa katika mambo machache, kama nasaba na kifo. Mnyororo hausahau na hauhongeki, lakini uliona nini? Uliona kwamba pochi fulani ilibonyeza kitufe saa fulani. Kalamu ilikuwa mkononi mwa nani, haujui. Mchoraji Qing Han, aliyejulikana kwa jina la Qinni, alifariki Februari 2020. Mwaka uliofuata mtu mwingine alizitia picha zake kwenye NFT na kuziuza. Januari 2022 OpenSea ilitangaza kwamba zaidi ya asilimia 80 ya vitu vilivyotengenezwa kwa zana yake ya bure vilikuwa vya wizi, mikusanyo ya bandia au takataka. Mnyororo uliushuhudia uwongo huo kwa uaminifu ule ule unaoshuhudia kweli.

Wenzangu wachoraji husema wizi wa mtindo ni jambo la kawaida, kila mtu humwiga mwenziwe. Kweli, na si vibaya. Baada ya mchoraji Edward Saidi Tingatinga kufariki Dar es Salaam mwaka 1972, ndugu na wanafunzi wake waliendelea na chui wake na ndege wake, na mpaka leo wachoraji wa Tingatinga huchukuliana mifano bila kugombana. Lakini zipo picha zilizotiwa saini yake ambazo hakuzichora. Mtindo ni wa wengi. Neno "nimechora mimi" ni la mmoja, na akilisema asiye yeye ni uwongo.

Mjomba naye hakubuni nakshi zake. Amezipokea kwa mwalimu wake. Huanza na mnyororo wa fremu, anaugawa kwa bikari na penseli kabla patasi haijagusa msaji, maana kipimo kikipotea unywele mmoja tu pingili ya mwisho haikutani na ya kwanza. Nikamuuliza mbona hatii jina. Akasema mwenye mlango anamjua, na jirani wa mwenye mlango anamjua.

Wapo watakaoniambia wanavyuoni wameshaharamisha. Baraza la Ulamaa la Indonesia, Novemba 2021, lilitoa fatwa ya kuharamisha matumizi ya sarafu za kripto kama fedha, kwa sababu ya gharari, yaani kutokuwa na uhakika. Naiheshimu, lakini inazungumzia sarafu, na mimi nauza mchoro. Sheria ya Fedha ya Tanzania ya 2024 nayo iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamisho wa mali za kidijitali. Kodi haihalalishi kitu wala haikiharamishi.

Ninavyoona mimi, biashara hii inasihi pale muuzaji anapotaja wazi anachouza, na shahidi wa kweli ni msanii mwenyewe. Mnyororo ni karani wake tu. Maelezo yale mafupi ambayo wengi huyajaza ovyo ovyo ili wawahi kitufe ndiyo ushahidi wenyewe, na ushahidi wa uwongo ni katika madhambi makubwa. Nimeandika hivi chini ya kila picha: mchoro ni wangu, nakshi si yangu, fundi wa mlango ni fulani au hajulikani, faili limewekwa mahali fulani, na mnunuzi hapati haki ya kuichapa picha kwenye fulana.

Picha moja niliitoa kabla ya kuuza. Mlango wake ni mpya, fundi wake yu hai huko Bububu, na bado hajanipa ruhusa.