Mkono unaopokea



Sisi watoto wa Papa Simon Kimbangu tumefundishwa kutoa. Siku ya nsinsani fanfari inapigwa, wababa, wamama na vijana wanashindana kupita mbele na sadaka zao, na hesabu inatangazwa mbele ya wote. Kwa sadaka na kwa mikono ya waamini hekalu la Nkamba lilijengwa, likazinduliwa mwaka 1981. Lakini kupokea, ndugu, tunajifunza siku gani?

Hapa Lubumbashi swali hilo ni zito. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines. Wababa waliozoea kuleta posho nyumbani na kulisha hata watoto wa ndugu, ikawapasa kunyoosha mkono. Wengi waliona haya.

Mimi pia, nilipokosa kazi, mama mmoja mjane, muuza makala, alituletea beseni ya unga. Nikamwambia: “Asante mama, tuko nao.” Hatukuwa nao. Watoto walilala na chai isiyo na sukari, nami nikajisifu moyoni kwamba sikumlemea maskini. Jumapili hakunisalimia. Mke wangu akaniuliza: “Baba, kama ni tajiri angeuleta, ungeukataa?” Sikujibu. Zawadi za mkubwa wangu wa kazi sikuzikataa hata siku moja.

Tusome Yoane 4. Bwana wetu alichoka, akamwomba maji mwanamke Msamaria, mtu ambaye Wayahudi hawakutaka kushirikiana naye. Naye mtume Paulo, akiwa katika vifungo, alipokea vitu vya Wafilipi kwa mkono wa Epafrodito, akawaandikia kwamba hatafuti zawadi yenyewe bali matunda yaongezwe katika hesabu yao. Basi mimi niliporudisha beseni, nilipunguza hesabu ya nani?

Sisemi tupokee kila kitu. Feza ya kununua ulimi wako, au ya kumnunua binti yako, uirudishe hata kama una njaa. Unga wa yule mjane haukuwa wa namna hiyo.

Juma lile nilikwenda kwake, nikasema: “Mama, nyumbani hatuna unga.” Akatwaa beseni ileile, akaijaza. Kisha akaniambia nisiondoke kwanza, bukari iko karibu kuiva. Nikaketi, nikanawa mikono.