Je, Mlinzi Akivuliwa Kitambaa, Aondoke?

Mzee mmoja wa kanisa hapa Muleba alitukuta baada ya ibada tukibishana na vijana juu ya kandanda, akatikisa kichwa. Akasema, "Hata wewe waitu, Mwalimu?" Tulimjibu ya kuwa hatukuwa tukibishana habari za mpira hasa, bali habari za haki. Hakuamini. Basi tunaandika hapa yale ambayo hatukupata nafasi ya kumweleza, maana alikuwa na haraka ya chai.

Mabishano yalimhusu Nadir Haroub, beki wa kati wa Yanga na wa timu ya taifa, ambaye wapenzi wa mpira walimwita Cannavaro kwa kumlinganisha na Fabio Cannavaro, nahodha wa Italia iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 2006. Huyu wetu ni mtoto wa Zanzibar. Alivaa jezi ya Yanga kwa zaidi ya miaka kumi, akawa nahodha wa klabu yake na wa Taifa Stars pia.

Kabla hatujaendelea, inafaa tuseme kidogo juu ya kazi ya beki, kwa ajili ya wale ambao hawajapata kuketi Kaitaba siku Kagera Sugar inapocheza. Sisi tuliwahi kuifanya kazi hiyo. Tulipokuwa Chuo cha Ualimu Katoke, miaka michache baada ya vita vya Kagera, tulicheza beki wa kushoto, si kwa ustadi bali kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka nafasi ile. Tulichojifunza ni kwamba beki akifanya kazi yake vizuri hakuna kitu kinachotokea. Mpira hauingii, basi. Watu hurudi nyumbani wakimsimulia aliyefunga bao, na hakuna anayesimulia bao ambalo halikufungwa. Lakini beki ateleze mara moja tu kwenye tope, jina lake litatajwa sokoni juma zima. Tunalijua tope hilo. Kuna wenzetu wa chuo ambao hata leo, wakiwa na wajukuu, wakituona hutuuliza kama miguu imepona.

Hata siku ya fahari ya Cannavaro ilikuja alipoiacha nafasi yake kwa muda na kupanda mbele. Tarehe 1 Machi 2014 Yanga ilicheza na Al Ahly ya Misri mjini Dar es Salaam, katika mashindano ya klabu bingwa ya Afrika. Zikiwa zimebaki dakika chache, beki huyu aliruka akapiga kichwa, bao likaingia, Yanga ikashinda 1-0. Nchi ilishangilia. Katika marudiano huko Misri Al Ahly nao walishinda 1-0, ikapigwa mikwaju ya penalti, Yanga ikatolewa.

Sasa twende kwenye shauri lenyewe. Januari 2016 Mbwana Samatta, aliyekuwa ametwaa ubingwa wa Afrika na klabu ya TP Mazembe, alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wale wanaocheza humu humu barani. Siku chache baadaye kocha wa Taifa Stars, Charles Boniface Mkwasa, alimtangaza Samatta kuwa nahodha. Cannavaro naye akatangaza kuacha kuichezea timu ya taifa, akilalamika kwamba alivuliwa kitambaa bila kupewa heshima ya kuarifiwa kwanza.

Vijana wetu waligawanyika. Wa kwanza walisema kiburi kimemponza. Kitambaa ni kitambaa tu, na taifa ni kubwa kuliko mtu. Wengine wakasema mtu aliyedharauliwa ana haki ya kwenda zake. Kijana mmoja, mwenye akili, aliongeza kwamba Samatta ndiye aliyekuwa nahodha timu ilipofuzu Kombe la Afrika la 2019, mara ya kwanza tangu 1980, kwa hiyo uamuzi ulikuwa sahihi na mjadala umekwisha.

Hapo ndipo tulipopandisha sauti, na mzee akatusikia. Matunda mema ya uamuzi hayatoshi kuonyesha kwamba ulifanywa kwa njia njema. Hatusemi Samatta hakustahili. Alistahili, wala hakumnyang'anya mtu. Wala hatusemi kocha hakuwa na mamlaka ya kuchagua. Lakini mamlaka ya kuchagua mwingine ni jambo moja, na wajibu wa kumwambia aliyepo ni jambo la pili. Someni kitabu cha Hesabu, sura ya 27. Musa aliambiwa mapema kwamba hataingia katika nchi ile. Akaomba mwenyewe apatikane wa kuwaongoza watu, kisha akamwekea Yoshua mikono mbele ya kusanyiko lote. Musa alipoteza nafasi, lakini hakuna aliyemwaibisha. Mikono iliyotoa ilikuwa yake.

Na yule aliyeachwa bila kuambiwa, afanyeje? Hapa inatubidi tujisemee wenyewe, ingawa si habari ya kujisifia. Miaka ya tisini tulikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi, ambayo hatutaitaja. Asubuhi moja alifika kijana na baiskeli, mizigo imefungwa nyuma, ameshika barua: yeye ndiye mwalimu mkuu mpya. Barua yetu ilikuja baada ya siku nane. Tulimkabidhi funguo siku ile ile kwa adabu, na kila mtu akatusifu. Lakini Ijumaa tulikwenda nyumbani kwenye kibanja chetu, tukasema tunaumwa, tukakaa majuma matatu tukipogoa migomba ambayo haikuhitaji kupogolewa. Darasa la saba walikuwa wakitungoja kwa hisabati, na mtihani ulikuwa karibu. Watoto wale hawakuwa wametunyima kitu chochote. Tulidai heshima kutoka kwa wakubwa, lakini tukawalipisha wadogo.

Kwa hiyo hatuwezi kumhukumu Cannavaro, na tukimpima tunamwona alitushinda. Hakuondoka uwanjani mchezo ukiendelea. Alisema wazi kinachomwumiza, hakujifanya mgonjwa. Klabuni aliendelea na kazi ile ile ya kuzuia, hadi alipotundika daluga mwaka 2018, na hata hapo hakuondoka Yanga bali alibaki kama meneja wa timu. Tungependa angesamehe na kurudi Taifa Stars, hilo hatufichi, maana walinzi wazoefu si wengi. Lakini mtu anayeacha cheo chake na mtu anayewaacha watoto wake hawakutenda kosa moja, na vijana wanaosema "kiburi" wawe waangalifu wasiyachanganye haya mawili.

Hatukuyawaza haya kwa ajili ya mpira peke yake. Mwaka jana halmashauri ya parishi ilipokusudia kubadili mtunza hazina, aliyekuwa ameshika funguo za sanduku miaka kumi na minne, tuliuliza kama mzee mwenyewe ameambiwa. Tukajibiwa kwamba atasikia mkutanoni. Tuliomba ruhusa, tukaenda nyumbani kwake Alhamisi jioni, sisi na mwenyekiti. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kama kuna fedha zilizopungua. Tukamwambia hapana, hata senti. Akamwita mkewe alete chai, lakini yeye mwenyewe hakunywa. Siku ya mkutano alichelewa, akaketi kiti cha mwisho karibu na mlango. Alipoitwa alikuja mbele, akamkabidhi funguo mwenzake kwa mkono wake. Kitabu cha stakabadhi alikileta baada ya majuma mawili, na hakuna aliyemwuliza sababu.