Andika na Mgandamizo

Mjukuu wangu, nimesikia umepangiwa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, na babu yako nimefurahi. Nenda na neno hili maabara: kila ukiandika kwamba kitu hiki hakiungani na kile, andika pembeni na hali uliyovipimia.

Chukua chuma na bismuthi. Hata uviyeyushe pamoja, havielewani: bismuthi inatuama, chuma kinaelea, na vikipoa kila kimoja kipo kwao. Vitabu viliandika hivyo wala havikusema uongo, ila vipimo vilichukuliwa chini ya hewa hii hii tunayovuta.

Mwaka 2016 watafiti wa Northwestern University, Marekani, walivibana kati ya ncha za almasi mbili. Kifaa chenyewe kinaenea kiganjani, na hukazwa kwa skrubu. Nguvu si kubwa, lakini yote inaangukia eneo lisilofika upana wa milimita moja, kama uzito wa bibi harusi unavyoishia kwenye kisigino cha kiatu kirefu. Kwa kuwa almasi hupitisha mwanga, leza ilipita humo humo kuchoma sampuli, na eksirei zikaonyesha atomi zilivyojipanga. Kwenye mgandamizo wa takriban mara 300,000 ya hewa yetu, kama ule wa kiini cha Mars, na joto la nyuzi 1,200 na ushee, ikazaliwa FeBi₂: atomi moja ya chuma kwa mbili za bismuthi.

Mgandamizo ukizidi, mpangilio unaokula nafasi ndogo ndio hushinda, na elektroni nazo hubanwa zikabadili makazi. Ndivyo potasiamu ilivyoungana na nikeli mwaka 1996, metali ambayo siku zote huipita bila salamu.

Usije ukayageuza haya kuwa mahubiri kwamba shida hukomaza watu. Nimeyasikia kwenye mahafali mengi na siyaamini. FeBi₂ yenyewe haikukomaa: mgandamizo uliposhushwa ilivumilia hadi karibu mara 30,000 ya hewa yetu, chini ya hapo ikavunjika. Watafiti walidokeza kwamba ikipozwa sana kabla ya kuachiwa, huenda ikabaki.

Ukifika chuo kikuu na swali la namna hii, usiishie kwa walimu wa kemia. Bisha hodi na kwa wanajiolojia. Ni wao wanaosoma matumbo ya sayari, na kazi ile ya Northwestern waliifanya pamoja na wanakemia.