Nyakati Tatu za Faragha

Katika Sura ya An-Nur, baada ya waumini kukatazwa kuingia nyumba za watu mpaka wapige hodi na kuwasalimia wenyewe, inakuja amri nyingine, ya ndani zaidi, inayowahusu wanaoishi nyumba moja. Watumishi, na watoto ambao hawajabaleghe, wanaopita chumba hadi chumba mchana kutwa bila kuulizwa, nao watake idhini nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo wapumzike, na baada ya sala ya isha. Nyakati nyinginezo hapana neno. Aya hiyo naisoma tangu nilipokuwa chuoni, na siku hizi kila nikiifikia, fikra zangu zinakwenda kwenye kompyuta.

Siyo ya ofisini. Hiyo ina bosi wake na saa zake. Naisemea ya nyumbani, ambayo imebadilika mbele ya macho yetu na bado haijamaliza kubadilika.

Wazee waliojenga nyumba za mawe za Lamu walijua kwamba faragha haina mpaka mmoja tu. Nje kuna baraza, na baraza ni la kila mtu. Ukipanda daka umefika mlangoni, lakini hujaingia. Ukiingia unakutana na tekani, na hapo njia inakata kona ili jicho la mpita njia lisifike uani. Baada ya ua kuna misana, kumbi ndefu zinazofuatana, na mbele yake "ndani", chumba chenye zidaka za chokaa ukutani. Muuza samaki alikuwa na mwisho wake, mkwe na wake, dada na wake. Ukitaka kujua mtu ana uhusiano gani na nyumba, tazama amefika wapi.

Kompyuta nayo ilianzia nje. Kwanza haikuruhusiwa hata bandarini: mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuagiza kompyuta, na zuio hilo halikuondoka mpaka miaka ya 1990. Ilipokuja, wengi wetu tuliikuta kwenye kafe za intaneti. Unalipia nusu saa, dakika zinateremka pembeni mwa kioo, na zikifika sifuri unaondoka hata kama barua hujaimaliza. Kisha ikapata nafasi ukumbini kwetu. Ninachokikumbuka zaidi ni kitambaa chake. Mama aliifumia kitambaa cheupe cha uzi, sawa na kile cha televisheni, pembe zake zikining'inia, na hakuna aliyeigusa kabla ya kukiondoa, kukikunja na kukiweka juu ya kiti. Halafu unawasha stabilaiza na kungoja ilie "tak". Halafu kioo kinaamka taratibu, ukisogeza mkono karibu nacho vinyweleo vinasimama. Baba alikaa nyuma yetu na gazeti lake. Ukimaliza, unazima, kitambaa kinarudi.

Hakuna aliyeupanga utaratibu ule uwe adabu. Ulitokana na hofu ya vumbi na umeme wa kwetu. Lakini mwili unajifunza hata pale ambapo akili haikukusudia, na miili yetu ilijifunza kwamba kompyuta ina kuingia na ina kutoka. Umeme nao ulikuwa na neno lake. Kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja ilikaa gizani baada ya hitilafu kwenye njia ya umeme unaotoka bara, na miezi ile mitatu kompyuta yetu haikuvuliwa kitambaa. Tuliikumbuka mara moja moja. Yenyewe haikutuita.

Yaliyofuata kila mtu anayajua. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulikuwa umeshaanza kazi Mombasa na Dar es Salaam tangu Julai 2009, bei ya intaneti ikaja ikashuka, simu zikawa kompyuta, na kompyuta ikapita daka, tekani, ua na misana, ikalala chini ya mto. Imefika mahali ambapo binamu yangu wa damu hathubutu kufika.

Mwaka 1991 mtafiti mmoja wa maabara ya Xerox huko Palo Alto, Mark Weiser, aliandika katika jarida la Scientific American kwamba teknolojia yenye kina zaidi ni ile inayoyeyuka ndani ya maisha mpaka watu wasiione tena. Aliona kwamba chumba kimoja kitakuja kuwa na kompyuta mamia, ndogo ndogo, ukutani na mezani. Hakuwa mtu wa vitisho. Alitaka kompyuta tulivu, isiyomng'ang'ania mtu. Alifariki mwaka 1999, kabla ya spika za nyumbani zinazosikiliza. Nadhani upande mmoja aliona sawasawa kabisa: kompyuta ya nyumbani inazidi kukosa umbo. Inapoteza kibodi, itapoteza na kioo, ibaki sauti hewani. Ninachojiuliza ni kuhusu utulivu wake. Kisichoonekana hakisimami mlangoni. Utakiruhusu vipi, au utakikataza vipi, kitu ambacho hukijui kama kimekwisha ingia?

Turudi kwenye zile nyakati tatu. Alfajiri nyumbani kwetu huadhini simu nne. Kila moja ina programu yake na hesabu yake ya dakika, kwa hiyo wa kwanza anapofika "hayya alas-salaa" wa tatu ndiyo kwanza anapiga takbiri, na msikiti wa mtaani bado kimya. Ni kheri, sikatai; zimewaamsha wengi. Ila mkono unaonyooka kuzima adhana haurudi mtupu. Kabla ulimi haujamshukuru aliyeturudishia roho zetu baada ya kutufisha, kidole kimeshafungua habari za mauzo, matusi ya wanasiasa na harusi ya mtu nisiyemjua. Adhuhuri ni hivyo hivyo, na baada ya isha ndiyo usiseme. Saa zile zile ambazo hata mtoto niliyemzaa anatakiwa abishe, ndizo saa ambazo ninaulaza ulimwengu mzima ubavuni pangu.

Imam Ghazali, katika kitabu chake cha maajabu ya moyo ndani ya Ihyaa, ameufananisha moyo na hodhi, na hisi tano na mifereji inayomimina maji humo. Anasema yupo anayelijaza hodhi kwa mifereji, na yupo anayeiziba mifereji na kuchimba chini mpaka maji safi yabubujike yenyewe. Hakusema mifereji ni haramu. Naye mwenyewe alisoma sana kabla hajaondoka Baghdad mwaka 1095 kwenda kutafuta upweke. Kinachonisumbua kuhusu kompyuta zijazo hakimo katika wingi wa maji. Mfereji wa zamani ulingoja uufungue. Huu mpya unazungumza. Tangu mwishoni mwa 2022 tumezoea mashine inayojibu kwa sentensi kamili, na Kiswahili chake kinanyooka mwaka hadi mwaka. Mtu akiamka usiku na dhiki asiyoweza hata kuitaja, zamani alikuwa na mambo mawili: dari, na Mola wake. Dhiki ilikaa kifuani mpaka ikawa swali, na swali likakaa mpaka likawa dua. Sasa ataisema ikiwa mbichi, na atajibiwa kabla hajavuta pumzi ya pili. Huenda jibu likawa zuri tu. Wema wa jibu siutilii shaka. Nautilia shaka wepesi wake.

Halafu kuna kukumbuka. Mwaka 2024 Microsoft walitangaza kompyuta itakayopiga picha ya kioo chake kila baada ya sekunde chache na kuzihifadhi, ili mwenyewe aweze kutafuta baadaye chochote kilichowahi kupita mbele yake. Watu walipiga kelele, jambo likaahirishwa na kurekebishwa. Sisi tusingepaswa kushtuka, maana tumelelewa tukiambiwa habari za Rakibu na Atidi, malaika wawili waandishi wasioacha neno. Mbona basi wale hawakututisha namna hii? Imepokewa kwamba mwandishi wa kushoto huinua kalamu yake saa kadhaa kabla ya kuandika kosa, huenda mja akajuta. Daftari lile lina nafasi ya toba ndani yake, na Mwenye daftari miongoni mwa sifa zake ni kusitiri. Diski haina sifa hiyo. Inaweka uliyoyafanya ukiwa na umri wa miaka kumi na tisa kwa ubichi ule ule, na haina haya ya kukuonyesha.

Hata hivyo sitaki kuwa mzee wa kulaani kila kilichokuja baada yake. Bibi mmoja mtaani kwetu, macho yake yamedhoofu, sasa anakuza herufi za msahafu kwenye kioo mpaka aya moja inajaa ukurasa, na machozi anayoyatoa ni ya kweli. Na kuna jambo linalonipa matumaini: zipo programu za lugha zinazoweza kukaa ndani ya kompyuta yako mwenyewe na kufanya kazi intaneti ikiwa imezimwa, bila neno lako hata moja kutoka nje ya nyumba. Zilizo bora bado zinataka mashine yenye nguvu na mtu mwenye subira. Pengine kompyuta ya nyumbani itarudi kuwa ya nyumbani.

Kwetu tumeanza jambo dogo. Baada ya isha simu zote zinabaki ukumbini, na kitambaa cha Mama, kile kile, kinafunika. Aliyelalamika ni shangazi, aliye Muscat tangu ujana wake. Kule wametutangulia saa moja, na wakati anaotulia apige simu ndio wakati tumeshafunika. Ana haki. Yeye ni wa ndani kabisa, lakini simu haimtofautishi na muuza vocha. Wanasema mashine zijazo zitaweza: zitajua nani apite na nani angoje. Lakini ili zijue, itabidi kwanza tuzifundishe nyumba nzima, nani tumegombana naye, nani anatudai, nani anaumwa nini, na sijui kama niko tayari kulipa bei hiyo ili nisikose simu ya shangazi.

Nilimpigia mchana kumweleza. Nikamkumbusha na hadithi ya Mtume kwamba kutaka idhini ni mara tatu, usipojibiwa urudi. Akacheka. "Hadithi hiyo, mwanangu, nilikufundisha mimi," akasema. "Nami nitapiga mara nne."