MNARA ULIOACHWA NJIANI

Masomo: Luka 14:28–30, Wafilipi 3:12–14



Makutano mengi walipokuwa wakimfuata Bwana Yesu, aliwageukia akawapa mfano ambao hata mtoto aweza kuufahamu. Mtu mmoja atamani kujenga mnara. Mwenye akili huketi kwanza, akahesabu mali yake, ajue kama yatosha mpaka mwisho. Asiye na akili hukimbilia kuchimba msingi. Na fedha zikiisha, msingi wabaki peke yake, na kila apitaye humcheka.

Sisi tukaao katika milima ya Usambara hatuna haja ya kwenda mbali kuutafuta mnara huo. Tazameni kandokando ya njia zetu: utaona msingi wa mawe uliomea magugu, na matofali yaliyochomwa kisha yakaachwa mvuani. Lakini minara iliyo mingi zaidi haionekani kwa macho. Kijana alinuia siku ya kipaimara chake kusoma Neno la Mungu kila siku. Sasa Biblia yake ina vumbi. Baba alinuia kuacha pombe, akaacha majuma mawili. Mama alinuia kuweka akiba ili binti yake asome, lakini kila senti iliyowekwa ilitoka tena. Mwalimu wa kanisa alinuia kuwatembelea wagonjwa wote wa mtaa wake; alifika nyumba tatu.

Kicheko cha watu si jambo dogo. Mtu akiisha kuchekwa mara mbili au tatu, huogopa kuanza tena. Husema moyoni, "Mimi ni mtu wa kushindwa tu." Huyo hupoteza zaidi ya mnara wake, maana hupoteza na nia ya kujenga. Kwa hiyo na tuulize: Mkristo aweke shabaha namna gani, naye aifikie namna gani? Nawapeni mambo manne.

Jambo la kwanza: Keti, uhesabu.

Reli ya Usambara ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893. Waliokusudia kazi hiyo walikuwa na nia kubwa. Lakini reli ilipofika Muheza mwaka 1896, yapata kilometa 40 tu, fedha za kampuni zilikuwa zimekwisha. Milima yetu ilionekana kwa mbali, lakini gari la moshi halikuweza kuifikia. Mnara ukasimama njiani, kama alivyosema Bwana. Mwaka 1899 serikali ya Wadachi iliinunua reli hiyo, na kazi ikaendelea: ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911.

Angalieni mambo mawili hapa. Kwanza, nia kubwa haikutosha. Penye hesabu fupi, hata nia ndefu hukatika. Pili, kazi iliyokwama haikuwa imekufa. Ilipopata hesabu mpya na nguvu mpya, iliendelea. Wewe uliyeacha njiani, lishike neno hili: Muheza haikuwa mwisho wa reli, wala mahali ulipokwama si lazima pawe mwisho wako. Ila usirudi kwa hesabu ile ile iliyokukwamisha. Keti tena.

Na gharama si fedha tu. Atakaye kusoma ahesabu usiku na mafuta ya taa. Atakaye kuacha pombe ahesabu rafiki atakaowakosa na jioni zitakazokuwa ndefu. Atakaye kusamehe ahesabu haki ambayo hataidai tena. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na asiyetaka kuinama aseme hivyo tangu mwanzo, asije akaulaumu mvungu.

Jambo la pili: Nia iwe yako mwenyewe.

Mwenye mnara aliketi yeye mwenyewe. Hakuketishwa na mtu. Wazee wa Mlalo walijua maana ya neno hili. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha katika bonde la Mlalo mpango wa kuuokoa udongo usichukuliwe na mvua, na baadaye mpango ule ukaenezwa mahali pengine pa Usambara. Shabaha yenyewe ilikuwa njema. Nani asiyejua jinsi udongo wetu unavyoshuka mabondeni wakati wa masika? Lakini watu waliamriwa kulima matuta, na asiyeyalima alitozwa faini. Kazi ilikuwa nzito, hasa kwa wanawake, nao hawakuona mavuno yakiongezeka kwa kadiri ya jasho lao. Manung'uniko yakazidi, hata mpango ukaachwa kabla ya nchi kupata uhuru wake mwaka 1961.

Mwaka 1981 ulianza mpango mwingine wilayani Lushoto, kwa msaada wa Wajerumani. Safari hii majani na miti vilipandwa kwa mistari kuukinga mteremko wa mlima. Majani yale huzuia udongo, tena ni chakula cha ng'ombe; mkulima huona faida kwa macho yake. Mlima ni ule ule na mvua ni ile ile, lakini mtu hushika jembe kwa namna nyingine anapojua kwa nini analishika.

Basi, enyi wazazi, msimwekee mtoto shabaha ambayo ni yenu tu, kisha mkamtoza faini ya maneno makali asipoifikia. Enyi wazee wa usharika, msiwatwishe washarika azimio ambalo hawakulielewa. Nawe msomaji, jiulize: Jambo hili nalitaka mimi mbele za Mungu, au nalitaka kwa sababu jirani yangu analo? Shabaha iliyoazimwa kwa jirani ni kama nguo ya kuazima. Kabla ya jioni mwenyewe ataitaka.

Jambo la tatu: Enenda hatua kwa hatua.

Atokaye Mombo kwa miguu kuja Lushoto hapandi mlima wote kwa siku moja ya hasira. Hupanda kona kwa kona; hupumzika Soni, akanywa maji, akaendelea. Akitazama kilele kwa kila hatua, atachoka kabla ya wakati. Akitazama miguu tu, atapotea. Kwa hiyo hutazama kilele mara chache ili aijue njia, na hutazama hatua zake mara nyingi ili asijikwae. Ndivyo alivyokaza mwendo mtume Paulo: aliyaacha yaliyo nyuma, akayachuchumilia yaliyo mbele, naye akaungama wazi kwamba alikuwa bado hajafika.

Wala usidharau mwanzo mdogo. Mkonge uliojaza nchi za chini ya milima yetu ulitoka wapi? Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida katika Marekani. Safari ilikuwa ndefu. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Mtu mwingine angalisema, "Nimepoteza 938," akaitupa iliyobaki. Lakini ile 62 ilipandwa, ikazaa, na kutokana nayo yakatokea mashamba makubwa, hata Tanganyika ikawa nchi ya kwanza duniani kwa mkonge. Nasema habari ya miche, si kusifu kila jambo lililotendeka katika mashamba hayo, maana wengi walitokwa jasho humo kwa ujira mdogo. Nasema tu: hesabu kilichobaki hai mkononi mwako, ukakipande. Ukiwa umenuia kusoma sura kumi, ukasoma moja, hiyo moja usiitupe. Haba na haba hujaza kibaba.

Jambo la nne: Shabaha uiweke mikononi mwa Mungu.

Hapa ndipo shabaha ya Mkristo inapoachana na shabaha ya mtu wa dunia. Yakobo atuonya tusiseme kesho tutakwenda mji fulani na kupata faida, kana kwamba kesho ni mali yetu. Yatupasa kusema, Bwana akipenda. Mfalme Daudi alinuia kumjengea Mungu nyumba, naye Mungu akamzuia. Lakini Daudi hakukaa kununa. Alikusanya mawe, chuma, shaba na mierezi, akamwachia Sulemani mwanawe. Nia yake ilikuwa njema, ila mwenye kuitimiza alikuwa mwingine.

Na sisi wa Usambara tunaye mtu wa namna hiyo. Johann Ludwig Krapf, mzaliwa wa Württemberg katika Ujerumani, alifika Mombasa mwaka 1844. Katika mwaka ule ule, mwezi wa Julai, alimzika mkewe Rosine, na mtoto wao mchanga akafa pia. Naye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa homa. Aliwaandikia wakuu wa chama chake huko London kwamba kaburi lile ni dalili ya vita vilivyoanza, na kwamba saa imekaribia ya Afrika kuitwa kwa Injili. Shabaha yake ilikuwa kubwa mno: vituo vya misioni vifuatane toka pwani ya mashariki mpaka magharibi ya Afrika. Mwaka 1848 alipanda mpaka Vuga kwa mfalme Kimweri, na mwaka 1852 akaja mara ya pili. Kimweri alimpokea vema, akakubali walimu waje katika nchi yake. Lakini mwaka 1853 Krapf alirudi Ulaya kwa ajili ya ugonjwa. Kimweri akafa mwaka 1862. Krapf naye akafa mwaka 1881, wala hakuiona hata shule moja ya Kilutheri katika milima yetu.

Je, mtu huyu alifikia shabaha yake? Wapita njia wangalisema, "Alianza, hakumaliza." Lakini mwaka 1891, miaka kumi baada ya kifo chake, wamisionari wawili, Ernst Johanssen na Paul Wohlrab, walipanda Mlalo wakaanza kazi. Na lugha ya Kiswahili aliyoitumikia Krapf kwa sarufi yake ya mwaka 1850, na kwa kamusi yake iliyopigwa chapa mwaka 1882, yeye akiwa kaburini, iliwasaidia wengi waliokuja nyuma yake. Krapf alihesabu gharama, akailipa kwa machozi, akatenda sehemu yake. Na sehemu iliyobaki alimwachia Mungu. Hatukuitwa kumaliza kila kitu. Tumeitwa kuwa waaminifu katika sehemu tuliyopewa.

Lakini, ndugu zangu, jihadharini na kosa moja. Mtu asidhani kwamba shabaha zake zikitimia ndipo atakapokubaliwa na Mungu. Hatuhesabiwi haki kwa minara tuliyoimaliza. Kama ingalikuwa hivyo, nani angalisimama? Bwana Yesu mwenyewe ndiye aliyeketi akahesabu gharama ya wokovu wetu, akaiona kuwa ni damu yake, wala hakurudi nyuma. Na pale msalabani akatangaza kwamba kazi imetimia. Mnara huo mmoja umekwisha, wala hakuna awezaye kuucheka. Ndani yake twakaa salama, hata siku tunaposhindwa. Kwa hiyo twaweka shabaha kama watoto walio nyumbani mwa baba yao, si kama watumwa waogopao kufukuzwa. Mtoto akianguka akijifunza kutembea, babaye hamtupi nje, humshika mkono.

Sasa fanyeni hivi katika mwezi huu. Jioni moja, baada ya sala ya nyumbani, kaa peke yako na karatasi. Andika jambo moja tu, wala usiandike kumi. Liwe jambo linaloweza kuonekana: usiandike, "Nitakuwa mtu mwema," bali andika, "Nitalipa deni la ndugu yangu kabla ya Krismasi." Chini yake andika gharama: fedha kiasi gani, saa ngapi, na kitu gani utakachokiacha. Ukiona gharama yazidi nguvu zako, punguza mnara. Kibanda kilichokwisha humfaa mwenyewe siku ya mvua kuliko ghorofa isiyo na paa. Kisha andika hatua ya juma hili. Mwambie mtu mmoja mwaminifu, mke wako au mume wako au mzee wa kanisa, akuulize kila Jumamosi. Ukishindwa juma moja, tubu kama ni dhambi, cheka kama ni udhaifu tu, nawe uanze tena Jumatatu.

Nanyi walimu wa kanisa, mkimwona mtu aliyekwama, msiwe miongoni mwa wale wapitao na kucheka. Mara ngapi mtu ameacha kuja kanisani si kwa kuchukia Neno, bali kwa kuona haya? Mwendeeni nyumbani kwake. Msimwulize kwanza kwa nini aliacha. Mwulizeni ni mawe mangapi yaliyobaki, mkamsaidie kubeba moja. Huenda jiwe hilo moja likamrudisha kwenye kazi yake, na kazi yake ikamrudisha nyumbani mwa Bwana.

Na tuombe: Ee Bwana, uliyeanza kazi njema ndani yetu, utupe akili ya kuhesabu, moyo wa kuvumilia, na unyenyekevu wa kukuachia mwisho. Wainue waliokwama njiani, utuzuie tusiwacheke. Kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.