Mkono juu ya ukuta wa Boma

Siku ya harusi naamka na kutazama mlima kwanza. Huku Engutoto, Arusha, ninakoishi, Meru akiwa wazi hadi kileleni, moyo unatulia. Akijifunika, nabeba flashi zote. Siku hiyo alijifunika.

Harusi yenyewe ilikuwa ya watu arobaini. Nimezoea kumbi za watu mia tano, ambako mpiga picha anapotelea kati ya tarumbeta na sauti ya MC. Hawa walichagua bustani ya Boma la Wajerumani, siku hizi Makumbusho ya Elimu Viumbe. Penye watu arobaini kila mlio wa kamera unasikika. Mama wa bi harusi akilengwa na machozi, hana umati wa kumsitiri, na wewe ndiye uliyesimama mbele yake na lenzi. Mara mbili niliishusha kamera nikamwacha alie.

Jioni, kwenye saa kumi na moja, mawingu yalifunguka. Kuta za Boma ni nene na nyeupe, na jua likizipiga zinaurudisha mwanga usoni kwa upole ambao flashi yangu haiuwezi. Nikampanga bi harusi ukutani, nikamwita bibi yake, koko kama Waarusha wanavyosema. Alikuja na mkongojo wake, shanga zikigongana shingoni, akasimama hatua moja mbele.

"Koko, naomba urudi nyuma kidogo, uegemee hapo."

"Huu siuegemei, mwanangu. Babu yangu alibeba mawe yake."

Boma hili lilikamilika mwaka 1900. Waarusha na Wameru walilijenga kwa shuruti, baada ya vita vya kulipiza kisasi vilivyofuata kuuawa kwa wamisionari wawili wa Kilutheri, Ovir na Segebrock, mwaka 1896. Machi ya mwaka huo huo wa 1900 Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Moshi, alinyongwa huko Moshi pamoja na viongozi wenzake, wakiwemo wa Meru na Arusha. Nilikuwa nayajua haya. Hata hivyo, kwa miaka yote niliyopiga picha pale, ukuta ule nimeutumia kama pazia la studio.

Sisemi harusi zisifanyike Boma. Wajukuu wa waliobeba yale mawe wanapopiga vigelegele ndani ya ngome iliyojengwa kuwatisha babu zao, mimi naona haki fulani inatendeka. Ila sisi wenye kamera tuna haraka ya kuwapanga watu, mkono hapa, kidevu juu, kabla hatujawauliza wamesimama juu ya nini. Mzee wa watu anajua. Kumuuliza kunachukua dakika moja.

Basi nikamuuliza koko angependa nimpige vipi.

Alikaa kimya kidogo. Kisha akampa mpambe mkongojo, akaugeukia ukuta, akaweka kiganja juu ya chokaa taratibu, kama anayempima mtoto homa. Mjukuu akamtazama, akanyanyua shela isiburuzwe, akasogea na kuweka cha kwake pembeni, pete ikiwa bado ngeni kidoleni. Hakuna aliyesema neno. Hata watoto waliokuwa wakikimbizana kwenye majani walisimama.

Nyuso zao hazionekani katika picha hiyo. Ni migongo miwili, shela na shuka, na viganja viwili juu ya ukuta mweupe. Maharusi waliiweka ya kwanza kwenye albamu.