Kosa la b na d

Mtoto wa darasa la kwanza anaposoma "dada" mahali palipoandikwa "baba", je, amefanya kosa?

Walimu wengi watajibu mara moja kwamba amekosa. Mimi nasema tutazame kwanza dunia aliyotoka. Mtoto wa Igombe au Kirumba ameuona mtumbwi ukielekeza omo Ukerewe, akauona ukirudi umeugeuzia mgongo upande huo. Bado ni mtumbwi. Sato akilazwa ubavu huu au ule ni sato. Jiwe la Bismarck, ulitazame kutoka ziwani au kutoka mjini, ni lile lile. Kwa miaka sita au saba kila kitu kimemfundisha kwamba kugeuka hakubadili jina. Anafika shuleni, nasi tunamwonyesha kijiti chenye tumbo: tumbo likiwa kulia ni b, likiwa kushoto ni d. Na n ikipinduliwa huwa u! Hayo ni mapatano ya watu wazima tu. Wenzetu wa pwani waliandika Kiswahili hiki hiki kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, na huko umbo la ba na ta ni moja, tofauti ni nukta.

Basi mtoto huyo anatii alichofundishwa na ulimwengu. Kumchapa kwa utii huo ni haki ya namna gani?

Kati ya mwaka 1968 na 1972, mradi wa UNESCO wa kisomo cha watu wazima ulikuwa na makao yake hapa Mwanza, na wakulima wa pamba walijifunza kusoma kwa maneno ya pamba yao. Nilikuwa kijana, nikisaidia madarasa ya jioni. Wazee nao walichanganya b na d. Hakuna aliyewagusa. Tuliwaambia, "Hebu tazama tena, mzee," wakatazama tena. Sijapata kuelezwa kwa nini mvi zistahili subira hiyo na meno ya utoto yasiistahili.

Chuoni niliwaagiza wanachuo wafundishe b peke yake, kwa sauti yake na kwa kidole mchangani, mpaka izoeleke. D ije baada ya majuma kadhaa. Walinijibu, na jibu lao lilikuwa zito: darasa lina watoto themanini, dakika kumi za mmoja zinatoka kwa wenzake sabini na tisa. Sikubaliani kabisa. Anayesoma tayari hupoteza kidogo akingoja. Asiyetambua herufi, akiachwa darasa la kwanza, la pili litamkuta akikariri ubao kwa kusikiliza jirani, na mwalimu wake atamsifu kwa sauti nzuri. Lakini nakiri kwamba mimi nilikuwa nikiyasema hayo ofisini, na wao ndio waliokuwa wakienda kusimama mbele ya wale themanini.